Nani Anazika Wafu wa Sinema?

Yule anayepita Makobola siku ya jumapili nyuma ya misa, kando ya njia kubwa inayotoka Uvira kwenda Baraka, atasikia vijana wakibishana kwa nguvu, na kama hajui habari zao atafikiri ni maneno ya mashamba ao ya siasa. Kumbe sivyo. Wanabishana kama Batman angeweza kumshinda Superman, kama filme ya Logan inapita ile ya Black Panther, kama Spider-Man ni mchezo wa watoto tu, na kama ni vema ao ni vibaya damu ionekane. Wengine wanasema: shujaa anayechekacheka kila saa si shujaa, ni mchekeshaji. Wengine wanajibu: huzuni tunayo ya kutosha nyumbani, kwa nini tuitafute tena katika sinema na kuilipia franka? Na kila mmoja anashika neno lake kama mvuvi anavyoshika kamba ya mtumbwi wakati wa dhoruba.

Tumeona vema kuandika kidogo juu ya mabishano haya, kwani wengi kati yetu, mapadri na makatekista, tunapita pasipo kuyasikiliza. Ama tunakataza filme zile zote pamoja, ama tunazicheka. Lakini anayekataza ovyo na anayecheka ovyo hawajahukumu kitu. Mwenye kuhukumu sharti aangalie kwanza. Basi sisi tumeziangalia, nyingine hadi mwisho, nyingine, tuseme kweli, hadi pale usingizi ulipotushinda. Na sasa tunataka kueleza namna tunavyoona.

Filme hizi zinafika kwetu kwa njia nyingi. Zamani zilikuja kwa kaseti, kisha kwa diski. Leo zinapita toka telefone hadi telefone katika karte ndogo kama ukucha. Pengine zinaonyeshwa katika nyumba ya video, mashine ya umeme ikinguruma nje. Tena mara nyingi haziji peke yake, zinakuja na sauti ya mfasiri. Ng'ambo ya ziwa, katika Tanzania, jina la Lufufu lilijulikana sana kwa kazi ile ya kueleza filme za kigeni kwa Kiswahili. Kenya wako na DJ Afro. Uganda VJ Jingo anaifanya kwa Kiganda. Juu ya mfasiri tutarudi, kwani mamlaka yake ni kubwa kupita tunavyofikiri.

Mtu asidhani ya kuwa jambo lenyewe ni geni katika Kongo. Katika miaka ya 1950, kule Léopoldville ambayo leo ni Kinshasa, vijana waliangalia filme za ma-cowboy wa Marekani, wakajiita ma-Bills kwa kufwata jina la Buffalo Bill, wakavaa kama wao, wakatunga hata lugha yao wenyewe, hindubill. Serkali ya Wabelgiji ilikuwa na komisyon ya kupima filme mbele ya Waafrika kuzitazama. Wamisionari nao walitengeneza filme zao: Padri Albert Van Haelst, wa shirika la Scheut, alipiga huko Kasai vichekesho vya Matamata na Pilipili. Watu walicheka sana. Lakini vijana wa Léopoldville hawakujiita ma-Matamata, walijiita ma-Bills. Ndipo padri mwingine wa shirika lile lile, Jozef de Laet, alipoingia kati yao, akajifunza maneno yao, na wao wakampa jina la Père Buffalo. Huyu alifahamu ya kwamba anayetaka kusema na mtu juu ya shujaa wake sharti kwanza amjue shujaa yule.

Sasa turudi kwa mabishano yenyewe, na kwanza kwa neno la damu.

Wazazi wengi wanapima ubaya wa filme kwa damu inayoonekana. Damu ikiwa nyingi, filme mbaya. Damu ikikosekana, watoto waangalie. Kipimo hiki hatukukitunga sisi, kimetoka mbali. Superman alitokea mara ya kwanza katika gazeti la picha mwaka 1938. Mwaka 1954 mganga mmoja wa Marekani, Fredric Wertham, alitoa kitabu cha kushitaki magazeti yale kwamba yanaharibu watoto. Neno likafika hata mbele ya Senati, na wenye kuyachapa, kwa kuogopa, wakajitungia sheria: damu ipunguzwe, mwovu asishinde. Kwa sinema pia ilikuja kuwa hivyo. Tangu mwaka 1984 Wamarekani wako na alama moja, PG-13, inayowaonya wazazi wenye watoto chini ya miaka 13 pasipo kumfungia mtoto ye yote mlango. Na juu yake iko alama nyingine, R, inayomkataza aliye chini ya miaka 17 kuingia pasipo mzazi ao mkubwa wake. Damu ikionekana sana filme inapata R, na feza za vijana zinapotea. Basi wenye filme wanafanya nini? Wanaosha. Wanaua watu wengi, lakini wanaua kwa usafi.

Tazameni hesabu inavyotoka. Katika Avengers: Infinity War ya mwaka 2018 nusu ya viumbe vyote vyenye uzima, duniani na kwenye nyota, inageuka mavumbi, filme ile ilipewa PG-13. Katika Logan ya mwaka 2017 watu wanaokufa wangeweza kuingia wote katika kanisa moja la kijiji. Lakini wanatoka damu, nayo ilipewa R. Hesabu ya namna hii sisi hatuikubali. Mauti isiyo na damu si ndogo kuliko mauti yenye damu. Pengine ni mbaya zaidi, kwani inamzoeza mtoto kuona mji ukianguka kama vile anavyoona nyumba ya mchanga ikianguka pwani.

Tunaandika maneno haya kwa ajili ya Makobola, si kwa ajili ya mji mwingine wo wote. Toka tarehe 30 desemba 1998 hadi tarehe 2 januari 1999 watu waliuawa hapa, na katika vijiji vya jirani, Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Ripoti ya ONU iliyotolewa mwaka 2010 inasema walipita 800. Wauaji wale hawakufundishwa na Batman. Tunasema hivi waziwazi, kwani wako wahubiri wenye desturi mbaya ya kutupia sinema zambi za watu wenye majina na vyeo. Vita ya Fizi haikutoka katika diski.

Basi filme zinatuhusu kwa nini? Zinatuhusu kwa sababu kijana aliyezaliwa nyuma ya mwaka 1999 amefundishwa mauti na waalimu wawili: wazee, ambao wanajua na hawasemi, na kioo cha telefone, ambacho hakijui na kinasema mchana na usiku. Na vijana wenyewe si wajinga. Swali tulilolisikia mara nyingi katika mabishano yao ni hili: nyumba zile ndefu zinapoanguka, ndani hamna watu?

Swali hili halikuulizwa Makobola tu. Mwaka 2013 ilitoka Man of Steel, filme ya Superman iliyoongozwa na Zack Snyder. Mwishoni Superman na adui yake Zod wanapigana hadi mji wa Metropolis unabomoka, kisha Superman anamvunja Zod shingo. Wapenzi wa Superman ulimwenguni waligawanyika vibaya sana: wengine walikasirika juu ya shingo ile, kwani walizoea Superman asiyeua, wengine walikasirika juu ya nyumba. Sisi tuko upande wa hawa wa pili. Kwa kuvunja shingo, shujaa analia kwa sauti, tena tunaona amefanya jambo zito. Kwa ajili ya mji hatukumwona akilia. Na inaonekana Snyder mwenyewe alisikia, kwa maana filme iliyofwata mwaka 2016, Batman v Superman, karibu na mwanzo inaonyesha vita ile ile ikitazamwa toka chini, na mtu anayekimbia ndani ya vumbi kutafuta watu wake. Kile kipande cha mwanzo ni kizuri sana. Sehemu kubwa ya yale yaliyobaki ni giza na kelele, na hapa tunawapa haki vijana wanaosema kwamba kukunja uso peke yake hakuleti uzito.

Mwaka ule ule wa 2016 ndugu Anthony na Joe Russo walitoa Captain America: Civil War, na hii, ingawa mashujaa wake wanataniana kila nafasi, imelichukua swali lile vema zaidi kuliko filme ya giza. Karibu na mwanzo tuko Lagos, katika Nigeria: mashujaa wanataka kuzuia bomu, bomu linapasuka karibu na nyumba, na watu wasio na kosa wanakufa. Kisha mama mmoja anamngoja Tony Stark, yule mwenye nguo ya chuma, anamwonyesha picha ya mwanawe aliyekufa katika mji wa Sokovia mashujaa walipokuwa wakiuokoa. Mama huyu anaonekana dakika chache tu. Lakini tangu pale Stark hana raha tena, na filme yote inageuka juu ya mtoto ambaye hatukumwona akiwa hai. Hata adui wa filme, Zemo, hana nguvu yo yote ya ajabu. Ni mtu aliyepoteza baba, mke na mtoto katika Sokovia ile ile. Naye T'Challa, mwana wa mfalme wa Wakanda, ambaye baba yake ameuawa kwa bomu la Zemo, anamfwata muda wote ili amwue. Anapomfikia anaona jinsi kisasi kilivyomla mtu huyu hadi mifupa, anarudisha kucha zake, tena anamzuia asijiue. Hapa kwetu vijana wanabishana sana juu ya kipande hiki. Wako wanaosema T'Challa alikosa, damu ya baba haiachwi hivi. Mabishano yale tungependa kila katekista ayasikilize, kwani pale vijana hawasemi tena juu ya Wakanda.

Kucheka si kosa, tusichanganye mambo. Dada mdogo wa T'Challa, Shuri, anamcheka kaka yake mfalme kama dada ye yote wa Baraka angefanya, na kwa kucheka kule mfalme anakuwa mtu. Lakini iko kicheko kinachoiba. Katika Thor: Ragnarok ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Taika Waititi, mji wa Asgard unateketea mbele ya macho ya wenyeji wake. Wao wamepanda chombo, wanaume na wanawake na watoto, wanatazama nyuma. Watu wetu waliovuka ziwa wakaishi miaka na miaka katika kambi ya Nyarugusu wanajua kutazama kule. Filme ilikuwa imeshika kitu cha thamani mkononi. Na katika dakika ile ile mtu mmoja wa mawe anaanza kuwatuliza watu, kwamba msingi ungali imara, tutajenga tena, na mara mji wote unapasuka. Watu wanacheka, nasi tulicheka. Kisha tuliona ya kuwa tumenyang'anywa kitu. Filme nzima ni ya kuchekesha, na nafasi za kuchekesha inazo nyingi. Pale tu ingenyamaza.

Lakini kwa nchi ya Fizi liko jambo moja zito kupita damu na kupita kicheko, nalo ni mwili usioingiwa na masasi.

Superman anapigwa masasi kifuani, nayo yanaanguka kama maharagi. Black Panther anavaa nguo inayokusanya nguvu ya kila pigo na kuirudishia adui. Vijana hapa wanamwita shujaa wa filme akteri, na sheria yao ya kwanza ni kwamba akteri hafi. Wakiona hayo wanapiga makofi. Babu zao walipata kusikia ahadi ya namna ile, wala haikuwa katika sinema. Mwaka 1964 Wasimba walipita Uvira, Baraka na Fizi. Walikuwa wametiwa dawa, wamefundishwa kwamba mtu akishika miiko yote, asiguse mwanamke, asiogope, masasi yatageuka maji. Wakaenda vitani wakipaza sauti: Mai Mulele! Che Guevara, aliyevuka ziwa toka Kigoma mwezi wa aprili 1965, alieleza katika kumbukumbu zake namna imani hii ilivyomtia mashaka. Mtu akipigwa akafa, walisema amevunja mwiko, ao ameogopa. Dawa yenyewe haikukosa hata siku moja.

Tazameni namna dawa ile na filme mbovu zinavyofanana. Katika zote mbili aliyekufa ndiye mwenye kosa. Katika filme anakufa adui aliyestahili, ao mtu asiye na jina anayepita nyuma ya picha. Mwenye haki hapasuki hata ngozi. Hapo ndipo tunapoona hatari, si katika damu. Mtoto hafundishwi kuua. Anafundishwa ya kuwa mwili uliotobolewa ulikuwa na upungufu fulani. Na jina la Mai-Mai bado tunalo katika milima hii, na vijana wanaoogeshwa kabla ya kupewa bunduki hawajakwisha.

Mwaka ule ule, tarehe 28 novemba 1964, Padri Luigi Carrara na Frère Vittorio Faccin waliuawa Baraka, na siku ile ile Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert waliuawa Fizi. Eklezya iliwatangaza wenye heri kule Uvira tarehe 18 agosti 2024. Miili yao haikukataa silaha. Hatuandiki hivi ili kugeuza filme kuwa katekisimu. Tunaandika kwa sababu kijana wa hapa anaposema neno shujaa, mbele yake iko mifano miwili iliyotoka katika udongo mmoja na mwaka mmoja, na ni vema ajue.

Ndiyo sababu, katika ugomvi wa Logan na nyingine, tunasimama na wale wanaoipenda Logan, ingawa hatutaionyesha kwa watoto wadogo. James Mangold aliyeiongoza alichukua shujaa ambaye katika filme zilizotangulia kila kidonda chake kinapona palepale, akamfanya mzee. Vidonda havifungi tena upesi. Chuma kile kile kilichomfanya asishindwe ndicho kinachomtia sumu. Anachechemea, anavaa miwani ili asome. Anampeleka msichana mdogo, Laura, na mahali fulani anakuta katika mfuko wa mtoto magazeti ya picha yanayosimulia habari zake mwenyewe, na anakasirika: anamweleza kwamba katika dunia ya kweli watu wanakufa, wala hakuna mtu wa nguo za rangi atakayekuja kuzuia. Shujaa wa magazeti anayakana magazeti. Tena jamaa moja ya wakulima inawakaribisha kwa chakula cha jioni, wanacheka mezani, na usiku ule jamaa yote inauawa kwa sababu imewakaribisha. Kipande kile ni kigumu kutazama. Ndivyo inavyopasa kiwe kigumu. Na mwishoni akteri anakufa, watoto wanamchimbia kaburi kwa mikono yao, wanatia msalaba wa vijiti. Msichana, aliyeona filme ya zamani ya ma-cowboy, Shane ya mwaka 1953, hana maneno yake mwenyewe ya maziko, anasema yale aliyoyasikia mle. Ma-Bills wa Léopoldville wangemfahamu mara moja. Kisha anaulaza msalaba upande, uwe herufi X. Fratri mmoja alituambia kwamba pale amechukizwa. Sisi hatukuchukizwa, mtoto anaweka juu ya kaburi alama aliyo nayo.

Avengers: Endgame ya mwaka 2019 ni kinyume. Wale waliogeuka mavumbi wanarudishwa wote, nyuma ya miaka mitano, kwa nguvu ya mawe ya ajabu. Ni kweli, Tony Stark anakufa ili jambo lile liwezekane, tena anakufa vema, na mazishi yake yanaonyeshwa pasipo haraka. Lakini mabilioni ya watu wanarudi kama vile mtu aliyekwenda sokoni. Fratri yule yule alitushika hapa: je, si mfano wa ufufuko? Tunasema hapana. Bwana mfufuka alimwonyesha Tomaso madonda yake. Hawa wanarudi pasipo kovu hata moja, na filme haina saa ya kuuliza mjane aliyeolewa tena atafanya nini. Kwa mama wa Makobola aliyezika watoto wake mwezi wa januari 1999, mchezo ule ni mtamu na ni bure.

Juu ya Black Panther yenyewe, iliyotoka mwaka 2018 na kuongozwa na Ryan Coogler, watu wamesifu mengi, na nyingi ya sifa zile ni haki: mavazi, nyumba, muziki, vyote vitatu vilipata tuzo ya Oscar. Sisi tunaisifu kwa jambo ambalo hatusikii likisemwa sana. Mbele ya kupigania ufalme, mfalme sharti anywe dawa inayomwondolea nguvu zake. Anashuka ndani ya maji ya maporomoko akiwa mtu kama watu, na anatoka damu mbele ya taifa lake. Dawa ya Wakanda ni kinyume cha dawa ya Wasimba. Na M'Baku anaposhindwa, mfalme hamwui. Anamwomba akubali kushindwa, kwani watu wake bado wanamhitaji. Kisha yuko Killmonger, ambaye vijana wengi wanampenda kupita mfalme, nasi tunawafahamu: mtoto aliyeuawa baba na baba yake mkubwa, kisha akaachwa. Huyu amejikata ngozi kovu moja kwa kila mtu aliyemwua. Katika filme zote tulizozitaja, ni yeye anayehesabu wafu kwa uaminifu zaidi, na anawahesabu kwa kujivuna. Mtu anaweza kukaa usiku mzima akilifikiri hilo.

Lakini vita ya mwisho chini ya ardhi ni mbaya. Miili miwili iliyotengenezwa na kompyuta inaruka-ruka gizani, haina uzito, haina jasho, na yote tuliyoyapata katika maporomoko yanapotea. Tena juu ya madini: Wakanda ni nchi iliyofaulu kuficha utajiri wake. Sisi wa Fizi, wenye dhahabu ya Misisi, tumeshindwa kuuficha na tumeshindwa kuula, na kijana anayetazama vibranium ile akiwa na chepeo begani anaona mambo ambayo mtu wa New York haoni. Chadwick Boseman, aliyecheza mfalme, alikufa kwa kansere tarehe 28 agosti 2020. Alikuwa amecheza filme kadhaa huku akificha ugonjwa wake. Vijana wa hapa walipoipata habari, wengine hawakuisadiki. Akteri hafi.

Martin Scorsese, bwana mkubwa wa sinema, alisema mwaka 2019 kwamba filme hizi si sinema, zinafanana na bustani za michezo. Wapenzi wao walimkasirikia. Kwa nyingi amesema kweli. Lakini hatumfwati hadi mwisho, kwani bustani haimfanyi mtu abishane juu ya kisasi cha baba jumapili nzima.

Limebaki neno la mfasiri. Tumesikiliza filme moja mara mbili, mara ya kwanza kwa sauti yake yenyewe, mara ya pili na mfasiri, na zilikuwa filme mbili. Mfasiri mwenye kipaji anaita mji wa Gotham kwa jina la mtaa tunaoujua, anampa Joker matusi ya sokoni, anajaza kila kimya kwa utani. Watu wanalipia utani ule. Hatumlaumu, kazi yake ni ngumu na pasipo yeye wazee wasingefahamu kitu. Lakini yeye ndiye anayeamua kama filme ni ya kulia ao ya kucheka, kuliko hata yule aliyeiongoza.

Katika The Dark Knight, ambayo Christopher Nolan alitoa mwaka 2008, ziko boti mbili usiku. Moja imejaa raia, nyingine imejaa wafungwa. Joker ametia baruti katika zote mbili, na kila boti amewapa kifaa cha kulipua ile nyingine: watakaowahi kuua watapona. Raia wanapiga kura, na kura inakubali kuua, lakini hapatikani mtu wa kutia mkono. Katika boti ya pili anainuka mfungwa mmoja mkubwa, mwenye uso wa kutisha, anamwomba askari kile kifaa, akisema kwamba atafanya lile lililopasa kufanywa tangu mwanzo. Anakipokea, na anakitupa dirishani. Hakuna anayepigwa. Batman hayuko pale. Ni watu wa kawaida tu ndani ya boti, na watu wa ziwa hili wanajua boti iliyojaa watu usiku ni nini. Mfasiri tuliyemsikia alitia utani juu ya unene wa yule mfungwa, nyumba yote ikacheka, na kifaa kikaenda majini pasipo mtu kukiona.

Mafratri wanaojua Kiingereza na Kifaransa, ambao likizo wanarudi Makobola na Baraka na kukaa miezi miwili barazani, wangeweza kujaribu kazi ile wenyewe: kueleza filme kwa Kiswahili cha hapa, na kujua wapi pa kunyamaza. Waanze na kipande kile cha boti. Si kirefu, na umeme wa jua wa parokia utakitosha.